Gunia, Kiroba na Tumbo la Ng'ombe wa Udameda

Ninyi mnaobaki stoo mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijaondoka, na mkanipa daftari jipya kabisa ili nisipate kisingizio. Haya. Habari za vyeo sitaandika, maana vyote vilikuja vimechelewa, na za mshahara ndiyo kabisa. Nitawaandikia juu ya magunia. Chekeni tu. Mtu amekaa stoo ya shamba la ngano tangu akiwa binti mpaka leo ana wajukuu, halafu anachokumbuka ni magunia! Lakini kwenye magunia ndiko nilikokosea kuliko kwingine kote, na ng'ombe wa rafiki yangu nusura afe kwa kosa hilo, kwa hiyo someni mpaka mwisho.

Nilifika hapa nikitoka kwetu Maretadu, nina sanduku la bati na barua ya ajira niliyoikunja na kuikunjua mpaka ikaanza kuchanika. Kwetu nilizoea vishamba vya mahindi na maharage vinavyopanda na kushuka na milima. Huku niliona ngano mpaka macho yakachoka. Dereva wa lori alinishusha mbele ya stoo akasema, "Bosi wako ni yule pale, anayeongea na gunia."

Hakuwa anatania. Mzee Rajabu, mtunza stoo mkuu, mtu wa ukoo wa wenye maduka pale Katesh, alikuwa ameinama juu ya gunia tupu, kichwa chote kiko ndani, ananusa. Nilisubiri akitoe.

"Shikamoo mzee. Mimi ni Bibiana, msaidizi mpya."

"Marahaba. Unajua kushona?"

"Nguo najua."

"Nguo anajua kila mtu. Kaa hapa."

Akanipa sindano ya gunia, ile ndefu iliyopinda ncha, na kamba ya katani, na rundo la magunia yaliyotoboka. Siku yangu ya kwanza yote ilikuwa ya viraka. Jioni akapita kukagua. Alivuta kila kiraka kwa nguvu zake zote, na kilichofumuka alinirudishia. Vilikuwa vingi, na nililia kidogo nyuma ya mizani nikidhani hakuna anayeniona. Kesho yake nilikuta ameniachia kipande cha ngozi cha kuvalia kidoleni.

Vifaa vyake vilikuwa vitatu: sindano, bambo na pua. Bambo mnalijua, kile chuma chenye mfereji tunachochomea gunia ili kutoa punje za katikati na kuona kama zimepata unyevu. Pua ni pua. Alinifundisha pia kwamba gunia la katani lina maisha yake. Likiwa jipya linabeba ngano. Likitoboka linatiwa kiraka, linabeba mahindi ya wafanyakazi. Likichoka zaidi linatandikwa mgongoni kwa punda, au linajazwa majani makavu linakuwa godoro. Mwisho tulilitupa kwenye korongo nyuma ya stoo, na baada ya masika mbili tatu ukienda huoni kitu, nyasi zimeota. Korongo lile lilipokea magunia tangu shamba lianze na halikuwahi kujaa.

Hapo stoo ndipo nilipofahamiana na Udameda. Alikuwa Mbarbaig, mjane, boma lake liko ng'ambo ya korongo. Ardhi hii ilikuwa malisho yao kabla ya ngano, na hakuacha nisahau. Siku ya kwanza kuniona aliniuliza, "Hii ngano yenu inakamuliwa saa ngapi?" Mimi ni Mwiraqw, na wazee wetu na wazee wao hawakuwa watu wa kukaribishana. Ila siku hiyo mimi nilikuwa na kiu na yeye alikuwa na maziwa, basi, urafiki ukaanzia hapo.

Maziwa aliyaleta kwenye kibuyu kilichonukia moshi wa kile kijiti wanachochoma na kusugulia ndani. Kilikuwa na ufa mrefu ulioshonwa kwa uzi wa ngozi. Kilikuwa cha mama yake. Katika miaka yote niliyomjua, yeye alikuwa na kibuyu hicho kimoja, mimi nilimaliza majagi ya plastiki sijui mangapi. Jagi likipasuka, limepasuka. Niliwahi kujaribu kulishona moja kwa sindano ya Mzee Rajabu, likapasuka upya kila nilipotoboa, na mzee akacheka mpaka akaondoa kofia.

Badala ya maziwa Udameda alipenda nimpe gunia chakavu. Kila kiangazi akina mama wa kwao walikwenda ziwa Balangida kuchota chumvi ya mifugo, nao walihitaji cha kubebea. Chumvi ikiisha, gunia lenyewe hawakulitupa. Walimtupia ng'ombe. Ng'ombe analilamba, analitafuna, analimeza nyuzi moja moja, chumvi yote inaingia tumboni, na katani inapita kama majani mengine. Udameda gunia lake alimpa ng'ombe mmoja tu, mwekundu mwenye doa jeupe usoni. Kwao bibi harusi hakubali kuingia ndani mpaka akina mkwe wampe ng'ombe wake mwenyewe, na huyu mwekundu alikuwa wa uzao wa yule aliyepewa siku hiyo. Wengine bomani walikuwa wa ukoo wa marehemu mume wake. Mwekundu alikuwa wake, hakuna wa kumuuliza.

Halafu vikaja viroba, ile mifuko ya plastiki iliyofumwa. Mwanzoni tulivijua kwa mbolea ya salfeti tu, ndiyo maana watu wengine wanaviita salfeti mpaka leo. Sasa vikaletwa vitupu, vyeupe, vina mstari wa bluu ubavuni, vinang'aa. Meneja akaniita ofisini.

"Bibiana, wewe una mwandiko mzuri. Pima magunia na viroba msimu mmoja, uniandikie kipi kinafaa. Ripoti yako itakwenda juu."

Itakwenda juu! Nilitoka ofisini sijui nakanyaga wapi. Nilichukua kumi kumi, nikachora safu kwenye daftari, nikaanza kazi. Nilivijaza, nikavimwagia maji kwa ndoo, nikavidondosha kutoka kwenye lori, nikaviacha na panya. Gunia lilikunywa maji likawa zito, kiroba hakikujali. Gunia panya walilipenda, kiroba walikitafuna kwa uvivu. Viroba vitupu vilijaa lori moja kwa idadi ambayo magunia yangehitaji malori kadhaa, na dizeli ya kuyaleta kutoka mbali pia ni kitu. Ni kweli viroba vikirundikwa juu sana viliteleza, na siku moja vilimfuata meneja mpaka mlangoni. Ni kweli pia ngano ilitoka jasho ndani ya kiroba jua likiwa kali. Hayo niliyaandika chini kabisa, kwa penseli, herufi ndogo.

Kiroba kikashinda safu zote. Nilimpelekea Mzee Rajabu ripoti aisome kabla ya meneja. Aliisoma taratibu, akakunja miwani.

"Binti yangu, umepima vizuri. Umevipima vikiwa hai. Vikifa je?"

"Vikifa tunatupa, mzee. Kama haya mengine."

"Haya," akasema, akaendelea na kazi yake.

Msimu huohuo alistaafu akarudi Katesh dukani kwa ndugu zake. Siku ya kuondoka alinipa ile sindano. Alisema hata viroba vitatoboka siku moja. Nilimwona amepitwa na wakati, Mungu anisamehe.

Basi viroba vikatawala. Magunia yalibaki machache kwenye kona, na meneja akasema msimu unaofuata ataacha kabisa kuyaagiza. Mimi ndiye niliyekuwa mtunza stoo sasa. Kiroba kikitoboka nilifanya kama nilivyofundishwa: korongoni. Sikufikiri mara mbili. Jua la huku mnalijua. Baada ya msimu kiroba kilichoachwa nje kinakuwa nyuzi nyuzi, upepo unazibeba, zinakwenda kushika kwenye miiba na kwenye mabua. Niliona. Kila siku niliona, nikasema mvua itavimaliza. Mvua ilikuja ikaviosha tu vikang'aa zaidi.

Kiangazi kile Udameda alikuja kuomba gunia la chumvi kama kawaida yake. Nikampa kiroba. Tena nilimchagulia kilicho kizuri, na nikajisifu.

"Chukua hiki. Chepesi, hakilowani. Ni kizuri kuliko yale ya zamani."

Alikipapasa, akakinusa. "Hakina harufu," akasema.

"Ndiyo uzuri wake."

Alikwenda nacho. Sikukifikiria tena mpaka asubuhi moja, kama miezi miwili baadaye, alipofika stoo bila kibuyu. Tangu nimjue hakuwahi kuja bila kibuyu.

"Mama Stoo, mwekundu hali."

"Tangu lini?"

"Siku ya nne. Tumbo limejaa, hacheui. Na ana mimba."

Nilifunga stoo tukavuka korongo. Mwekundu alikuwa amesimama pembeni ya boma, shingo ameinyoosha, ubavu wa kushoto umevimba na mgumu. Mdomoni kulikuwa na uzi unaning'inia na mate. Nikaushika. Ulikuwa mweupe, na kwenye uzi mwingine kando yake kulikuwa na rangi ya bluu.

"Udameda, ulimpa nini huyu?"

"Gunia la chumvi. Kama siku zote." Akanitazama. "Wewe ulisema ni zuri kuliko la zamani."

Jamani. Nimewahi kutukanwa na madereva, nimewahi kufokewa na meneja mbele ya watu, lakini hakuna maneno yaliyoniingia kama hayo, na yeye hakuyasema kwa ukali. Alikuwa anauliza. Alitaka kujua amekosea wapi, na hakuwa amekosea popote. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikakimbia ofisini. Bahati nzuri, bwana mifugo alikuwa Endasak siku hiyo akichanja, na meneja alitoa pikipiki ya shamba ikamlete, bila maswali mengi. Mchana alifika, kijana mrefu, buti zimejaa vumbi. Alimgonga mwekundu ubavuni, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Hili halina dawa ya kunywesha. Lazima tupasue tutoe."

"Akipasuliwa atapona?" Udameda akauliza.

"Sijui, mama. Asipopasuliwa atakufa, hilo najua. Na ndama naye."

Udameda akaingia ndani akatoka na maziwa kidogo kwenye kibuyu, akamnyunyizia mwekundu mgongoni akiomba kwa lugha yake. Nilisikia akimtaja Aseeta, Mungu wao, na mimi nikafanya ishara ya msalaba upande wangu. Kisha akasema, "Pasua."

Wanaume wa boma walimshika kwa kamba. Bwana mifugo alimchoma sindano ya ganzi, akanyoa ubavu, akapasua ngozi, akapasua tumbo, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Akavuta. Ulitoka utepe mrefu wa plastiki, umesokotana na majani. Akavuta tena. Na tena. Rundo likakua chini, linanuka, na mistari ya bluu inaonekana wazi. Haikuwa kiroba kimoja. Kulikuwa na nyuzi za zamani, zile za kwenye mabua na za korongoni, msimu hadi msimu.

"Takataka za nani hizi?" bwana mifugo akauliza bila kuinua kichwa.

"Zangu," nikasema.

Watu wote wakanitazama. Yeye akaendelea kuvuta. Tumbo la ndani alilishona mwenyewe kwa vifaa vyake. Alipofika kwenye ngozi, sindano yake kubwa ikakatika. Aliguna, akatazama huku na huku. Mimi sindano ya Mzee Rajabu ilikuwa kwenye koti langu la kazi, kama siku zote. Nikaitoa.

"Ichemsheni," akasema. "Uzi?"

Nikampa kamba ya katani, nimeishika mkononi kwa fahari, nikidhani sasa nimeelewa somo.

"Hapana, hiyo inanyonya damu, itaozea kwenye kidonda. Kuna uzi wa nailoni kwenye begi langu. Leta huo. Mimi nitabana ngozi, wewe shona, maana naona mkono wako umezoea."

Basi nikashona. Nilishona ng'ombe kwa plastiki, kumtibu plastiki. Kila mshono niliuvuta kwa nguvu zangu zote kama vile Mzee Rajabu amesimama nyuma yangu, na hakuna uliofumuka.

Siku tatu zilizofuata nilivuka korongo kila asubuhi kabla ya kufungua stoo. Siku ya kwanza mwekundu alikunywa maji. Ya pili alisimama tu. Ya tatu nilikuwa bado mbali nilipomsikia Udameda anapiga vigelegele, akaja ananikimbilia, yeye mtu mzima.

"Anacheua! Mama Stoo, anacheua!"

Tulisimama pale wawili kama wajinga tukimtazama ng'ombe anatafuna. Nililia, na safari hii sikujificha nyuma ya mizani.

Nilikwenda kwa meneja siku hiyohiyo.

"Nimekuja kusahihisha ripoti yangu."

"Ripoti ilishakwenda juu, Bibiana. Wameisifu. Unataka kujiharibia jina?"

"Basi na hii iende. Ile ina upungufu."

"Unataka turudi kwenye magunia ya katani tu? Siku hizi hata kuyapata ni shida."

"Sitaki turudi, meneja. Nataka kuongeza safu moja."

Safu yenyewe mnaijua, iko kwenye kila daftari la stoo hii: Mwisho wake. Kila kitu kinachoingia, kiwe cha katani, plastiki, bati au mbao, kinaandikwa kitaishia wapi kabla hakijapokelewa. Kiroba hakitoki bila cha zamani kurudi. Vilivyorudi tunavishona, vikikataa sindano vinakuwa kamba au vifuniko vya mashine, na havionji jua bila sababu. Magunia ya katani ni kwa kila kinachokwenda kwenye maboma, na kwa chumvi hasa. Mnalalamika sana juu ya safu hiyo, nawasikia. Sasa mmejua ilikotoka.

Meneja aliguna, akasaini. Magunia akaagiza, machache. Halafu tukaingia korongoni wote, sisi wa stoo, madereva, na akina mama wa boma la Udameda, tukaokota. Ilituchukua kiangazi chote, na miiba ilituchana kweli kweli. Korongo lile leo lina nyasi tena. Bado kuna utepe unaibuka baada ya mvua, mkiuona okoteni.

Nilimpelekea Mzee Rajabu habari dukani Katesh. Nilitegemea ajisifu. "Hata mimi sikujua," akasema. "Niliuliza tu, maana kila kitu nilichowahi kukitunza kilikufa. Wewe ungeuliza zaidi." Hayo ya mwisho nadhani alinionea, ila sikumjibu, alikuwa mzee.

Sasa nimalizie na jana, maana nyote mlikuwepo kwenye chai yangu ya kuagwa lakini wengine mlikuwa mnagombea maandazi. Udameda alikuja. Amezeeka, kama mimi. Mkono mmoja ana kile kibuyu, ufa umeongezewa mishono, na mwingine anavuta mtamba mwekundu mwenye doa jeupe usoni.

"Huyu ni mjukuu wa mwekundu," akasema. "Nenda naye Maretadu."

Wale wasiojua, Mbarbaig hampi mtu mtamba kwa sababu ya chai. Nikashika kamba ili nifanye kitu na mikono yangu, nikaona imesokotwa kwa nyuzi za viroba, nzuri, imekaza, na mstari wa bluu unazunguka mwanzo hadi mwisho.

"Za korongoni," Udameda akasema, anatabasamu. "Haikatiki hii. Kwa kamba, nakubali, ni nzuri kuliko ya zamani."

Tukacheka mpaka tukashikana. Na tukiwa bado tunacheka, mtamba akageuza shingo, akachukua ncha ya kamba, akaanza kuitafuna.

Mliona vikongwe wawili wakiruka. "Toa! Toa mdomoni!" Yeye akamshika taya, mimi nikavuta, ikatoka yote. Nikaingia stoo mara ya mwisho, nikakata kamba ya katani kutoka kwenye robota, nikaiandika kwenye daftari, na kwenye Mwisho wake nikaandika: ng'ombe. Sindano nimeiacha kwenye droo, upande wa kulia.

Tulimfunga mtamba kwa kamba ile mpya. Hapohapo akageuza shingo akaanza kuitafuna na hiyo, na sisi tukamwacha.